Mwani wa Mwenye Eda

Hapo zamani. Msinitazame hivyo. Najua mkisikia "hapo zamani" mnamngojea sungura. Hii ni zamani ya karibu, yenye simu za mkononi na mabati mapya, na wanyama wake wote ni watu. Anayetaka kusinzia asinzie sasa hivi, kwa sababu mwishoni nitauliza swali, na sitalijibu mimi.

Palikuwa na kijiji kiitwacho Mwambakuu, na mbele ya kijiji palikuwa na ghuba. Maji yakipwa, wanawake wa Mwambakuu walishuka na kamba zao, vigingi vyao na mbegu zao, wakapanda mwani. Kila mwanamke alikuwa na shamba lake, mistari yake, na maneno yake juu ya shamba la mwenziwe. Mwani ukikua walivuna, wakaanika, wakauza, na sehemu wakairudisha majini iwe mbegu. Ndivyo watoto wa Mwambakuu walivyosomeshwa, na hayo mabati mapya ndipo yalipotoka.

Basi mwani ukaanza kufa.

Uligeuka mweupe kwenye vikonyo, ukalainika, ukakatika, ukaenda zake na maji. Wanawake wakatokwa na upele miguuni. Watoto waliokula chaza wa upande wa kaskazini wakaumwa matumbo. Kijiji kikafanya lile ambalo vijiji vyote vyenye busara hufanya: kikaunda kamati. Kamati ikakutana, ikanywa chai, ikala maandazi, ikaazimia kwamba jambo hili ni zito. Ikakutana tena, ikanywa chai, ikala maandazi, ikaazimia kwamba ni zito zaidi. Wengine walisema ni jua. Wengine walisema ni hasadi. Mzee mmoja alisema ni wanawake kuvaa suruali wakiingia baharini, na siku hiyo hakupewa andazi la pili.

Huko kaskazini mwa ghuba palikuwa na karakana ya Bwana Salmin. Boti za watalii zilipandishwa hapo ufukweni, zikakwanguliwa rangi kuukuu, zikapakwa rangi mpya. Ni ile rangi ya chini ya boti, inayozuia majani na konokono wasinate. Inazuiaje? Kwa kuwaua. Sasa niambieni, makwangu ya rangi kuukuu yalikuwa yakienda wapi? Yalifagiliwa vizuri sana, kwa ufagio safi, mpaka baharini.

Lakini nani angemshuku Bwana Salmin? Bwana Salmin alikuwa mpenda mazingira. Alikuwa na fulana iliyoandikwa hivyo. Ukuta wa karakana yake ulichorwa pomboo anayecheka, na kila Sikukuu aligawa juisi kwa watoto. Machano, kijana wake wa kukwangua boti, alipokohoa mwaka mzima kisha akafa, Bwana Salmin alitoa sanda, akapigwa na picha akiitoa.

Machano alimwacha mke, Bi Kazija, na watoto watatu. Shikeni jina hilo, Kazija, mtalihitaji.

Kabla ya msiba huo kamati ilikuwa imeishiwa maazimio, ikaandika mjini. Mjini wakamtuma Daktari Shadya. Si daktari wa sindano. Ni daktari wa bahari. Alikuja na mabuti, kofia pana, na maboya ya rangi ya machungwa. Akawakusanya wanawake ufukweni akawaambia, "Mama zangu, samaki akinusa ubaya huhama. Mwani hauna pa kuhamia. Unakaa, unakunywa kila kinachokuja na maji, na unakiweka mwilini. Nikipima mwani, nitajua ghuba imelishwa nini."

"Mwani shahidi!" alisema mwanamke mmoja, na wote wakapiga makofi.

Daktari Shadya akafunga kamba zake kumi na mbili kuzunguka ghuba, kila kamba na mwani mpya, akaomba jambo moja tu: "Nitunzieni." Kisha akapanda gari akarudi mjini.

Nitunzieni! Ungeweza kumwambia nani mwingine neno hilo likakuletea balaa kama hili? Wanawake wa Mwambakuu ni watu wa heshima. Mgeni ameacha kitu chake mikononi mwao. Kweli waache kichafuke? Waache kinyauke, aje aseme watu hawa hawajui kutunza? Basi kila maji yakipwa walikwenda kwenye kamba za Daktari. Wakasuuza utelezi. Wakang'oa madoa. Palipogeuka peupe wakakata, wakafunga kipande kizuri cha kijani, kilichotoka upande wa kusini ambako maji yalikuwa bado na afadhali. Mashamba yao wenyewe yalikuwa yanakufa, nao wanambembeleza mwani wa mgeni kama mtoto wa kwanza.

Daktari akarudi, akavuna, akapima. Akashangaa. Akapima tena. Mwani wa Mwambakuu ulikuwa mwani bora kuliko wote aliopata kuupima katika pwani yote. Na yeye ni mtu wa vipimo, si mtu wa kubishana na vipimo. Akaandika ripoti yenye muhuri kwamba ghuba ya Mwambakuu ni safi, na pengine tatizo la mwani ni uzembe wa wakulima.

Bwana Salmin aliiweka ripoti hiyo kwenye fremu ya kioo, akaitundika chini ya pomboo. Wanawake walipouliza kulikoni, akaionyesha kwa kidole. "Sayansi hiyo, kina mama. Mimi ni nani nibishane na sayansi?"

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja, wenyeji wakazidi kuwashwa.

Haya, sasa turudi kwa Bi Kazija. Machano alikufa siku chache baada ya kamba za Daktari kufungwa, naye Kazija akaingia eda. Mwajua eda ya mjane: miezi minne na siku kumi, amekaa ndani, hajipambi, haendi shamba wala baharini. Na Mwambakuu wana mwiko wao juu yake: shamba la mwani la mwenye eda haliguswi. Halivunwi, halipaliliwi, haliokotwi hata jani. Wanasema mkono utakaoligusa utazua ugomvi usiokwisha. Basi shamba la Kazija, lililokuwa upande wa kaskazini karibu na karakana kwa sababu kusini kwenye maji mazuri wenye sauti kubwa walikwisha kugawana, likabaki peke yake.

Wenzake walivuna wakapanda, wakavuna wakapanda, na kila kilichooza wakakitupa. Wa Kazija ulikaa. Mwingi ulikatika ukaenda. Uliobaki ukawa mzee, mnene, umejaa madoa, sura mbaya kabisa. Lakini kila siku Kazija alichungulia dirishani, akaviona vigingi vyake kwa mbali, akawaambia wanawe, "Nikitoka eda nitakwenda kuvuna. Ule utakaofaa nitauza, wenye macho mazuri ya kuchipua nitafunga mbegu. Tutakula kwa mwani ule." Hakuwa na kitu kingine duniani. Binti yake mdogo, Mtumwa, alikuwa amelala na tumbo lake la chaza, na dawa ilikuwa inangojea mwani huo.

Jirani yake alikuwa Bi Riziki, shoga yake tangu utotoni. Riziki alimletea uji asubuhi, Riziki alimletea habari jioni. Lakini mwani wa Riziki ulikuwa umekufa wote, hana hata mbegu. Na kila akitoka kwa shoga yake alipita ufukweni, akaangalia shamba lile lisiloguswa, akasema, "Astaghfirullah." Akaangalia tena. Siku moja alisema astaghfirullah huku akikata.

Msidhani mwizi daima ana sura ya mwizi. Wengine wana sura ya jirani aliyekuletea uji.

Asubuhi hiyo, kwa bahati mbaya ya Riziki, Daktari Shadya alikuwa amekuja kuchukua maboya yake. Wakakutana katikati ya ghuba, maji ya magoti, Riziki na gunia kichwani linachuruzika.

"Bi Riziki, shikamoo. Mwani wa wapi huo? Mbona mbaya hivyo?"

Riziki alipata jasho ndani ya bahari. "Marahaba mwanangu. Huu? Huu... huu nimekuletea wewe!"

"Mimi?"

"Wewe. Nilijiambia, yule binti kapima mwani mpya tu, maskini, na mwani mpya umejua nini cha dunia? Ngoja nimtafutie mwani mzee uliokaa majini usioguswa. Nikauacha vivi hivi, sijausuuza kama tulivyokuwa tukikusuuzia ule wako."

Daktari Shadya akasimama, maji yanapita miguuni. "Mlikuwa mnausuuza wangu?"

"Kila bamvua, maji yakipwa sana! Na palipooza tulikubadilishia. Wallahi hukuwahi kuwa na mwani mchafu hata siku moja. Tusingekuaibisha."

Daktari alishika kichwa. Alitaka kucheka, alitaka kulia, na alitaka kwenda kuivunja ile fremu ya kioo kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akalitazama gunia kama mtu aliyeokota pete ya dhahabu. "Huu umekaa muda gani bila kuguswa?"

"Miezi mitatu na zaidi."

"Upo mwingine?"

Hapo Riziki angesema nini? Uongo ukishavua viatu sebuleni, unataka na chakula. Akasema upo. Wakaenda wote wawili, mwizi na msomi, wakakata shamba la Kazija mpaka kigingi cha mwisho. Daktari aliuliza umri wa mwani, akauliza kina cha maji, akauliza mkondo unaelekea wapi. Hakuuliza ni wa nani.

Mjini wakaupima. Wakakuta shaba, wakakuta risasi, wakakuta kila kitu kinachotiwa kwenye rangi ya boti. Na kwa kuwa mwani hukua ncha zikienda mbele na vikonyo vikibaki nyuma, waliweza kusoma kutoka kikonyo hadi ncha: hapa sumu imezidi, hapa imepungua, hapa imezidi tena, sawasawa na misimu ya Bwana Salmin ya kukwangua. Daktari Shadya akaifuta ripoti yake ya kwanza, akaandika ya pili, akaweka na jina lake kwenye kosa la kwanza. Hilo tumpe, wengi hawaweki.

Wakubwa wa mjini wakaja na magari. Bwana Salmin akaamriwa kuihamisha karakana mbali na maji na kuchimba shimo la kutupia makwangu. Tena akaamriwa kutoa boti moja ya injini, kwa sababu ghuba itachukua miaka kutakata, na kwa miaka hiyo mwani utapandwa kina kirefu, nje ya mwamba, ambako hakufikiki kwa miguu. Mwenye boti ndiye atakayepanda, na ndiye atakayeamua nani aende naye. Amri ilisema hivi: boti apewe aliyefichua uchafu wa ghuba. Apewe mtu mmoja. Kamati haikutajwa, ikasononeka sana.

Siku boti ilipoletwa ndiyo siku Bi Kazija alipomaliza eda. Akaoga, akavaa kanga mpya aliyopewa na ndugu zake, akachukua tenga lake, akashuka baharini kuvuna. Akakuta vigingi. Vigingi vitupu, vimesimama majini kama vijiti vya meno. Alikishika kimoja akakitikisa, kana kwamba mwani ungeanguka kutoka humo. Moyo ulimuuma kuliko siku ya msiba, maana siku ya msiba angalau watu walimwambia pole. Kisha akasikia ngoma ufukweni, kijiji kinasherehekea, akaenda kuuliza wanasherehekea nini.

Walimwambia yote, na kwamba mwani uliopimwa mjini ni wa shamba lake, Riziki na Daktari ndio walioukata. Aliuliza tu, "Na mwani wangu?"

Boti ilikuwa imekwisha kuletwa, imekaa mchangani, nyeupe juu, nyekundu chini, inang'aa. Sheha Vuai, aliyekuwa mkubwa wa kijiji na mwenyekiti wa kamati, akasimama mbele yake akasema, "Aliyefichua uchafu ajitokeze."

Loo! Mngedhani ghuba nzima ilikuwa imejaa wapelelezi.

Akajitokeza Daktari Shadya. "Sheha, siitaki boti kwa tamaa. Lakini sumu haina rangi ndani ya mwani. Mngeutazama mwani ule mpaka Kiama msingeona shaba. Nani aliyeiona? Ni mimi niliyepima. Bila kipimo, mwani ule ulikuwa takataka. Nipeni boti, niifanye ya utafiti, kila msimu nipime ghuba yenu."

"Ulipima mara ya kwanza ukasema sisi ni wazembe!" akapaza sauti mtu wa nyuma.

"Kwa sababu mlinisuuzia!"

Akajitokeza Bi Riziki, kanga kiunoni. "Daktari alikuwa anafungasha aondoke. Si mlimwona? Nani aliyempelekea mwani mzee? Mie. Nani aliyemwambia kamba zake zilisuuzwa? Mie. Ninyi nyote mlijua mnasuuza, kuna aliyefungua mdomo?"

"Uliiba, Riziki," akasema Sheha.

"Niliiba, ndiyo. Ningekuwa mcha Mungu, leo mngekuwa bado mnajikuna. Mwiko ulikuwa unalinda sumu, mie nikauvunja. Na niwaambieni jingine. Ule haukuwa mkato wa kwanza. Vishada viwili nilishavikata kabla, nimevifunga kusini, na vimeshika. Mbegu ya Kazija iliyobaki duniani ni ile niliyoiiba. Mnaona? Hata yeye nimemwokoa."

Maneno hayakuwa na haya, lakini yalikuwa ya kweli.

Akajitokeza Bi Kazija, polepole. "Mie sina maneno mengi, nimetoka ndani leo. Mnasema mwani ulifichua. Mwani ule wa nani? Mnasema ulifaa kwa sababu haukuguswa. Haukuguswa kwa nini? Kwa sababu mie nilikaa. Mnaona kukaa si kazi. Kaeni basi, mtoto analia tumbo chumbani, chakula chenu mnakiona dirishani, na msikiguse. Ningekuwa mwanamke wa kuvunja eda, ningevuna mapema, ningeuza, ningemnunulia Mtumwa dawa, na ninyi msingekuwa na shahidi. Kisha mkaja mkamkata shahidi wangu bila kunibishia hodi. Daktari, nyumba yangu iko hatua chache kutoka ufukweni."

Daktari Shadya aliinamisha uso. Aliona haya kweli, na haya hiyo haikuwa kwenye ripoti.

Basi mngedhani yamekwisha. Hapana. Akajitokeza Bwana Salmin! Na fulana yake! "Ndugu zangu, mimi siombi boti, boti nimeitoa mimi. Naomba tu haki itendeke. Nisingechafua, mngefichua nini? Daktari angepata wapi umaarufu? Kijiji kingepata wapi boti? Cheti tu, cha kunitambua, kitanitosha. Nina fremu iliyobaki wazi."

Sheha Vuai alikuwa mtu mwenye hekima ya kutosha kujua kwamba hana hekima ya kutosha. Akasema, "Tutakutana bamvua lijalo. Kwa sasa boti ishushwe, itie nanga hapa mbele, sote tuione."

Kabla hawajatawanyika, Daktari Shadya akamwendea Riziki kando, akamwomba kitawi kimoja tu cha ile mbegu iliyobaki. Akamwendea na Kazija, na safari hii akabisha hodi. "Dada, naomba ruhusa yako. Nataka kuufunga kwenye ubavu wa boti, chini ya maji, uelee hapo mpaka bamvua. Utakataa?"

Kazija akafikiri. "Funga. Lakini asiusuuze mtu."

Mwani ukafungwa. Siku zikapita. Mara moja Riziki alipita, akauona umeanza utelezi, mkono ukamwenda wenyewe kwa mazoea. Kazija alikuwa amesimama nyuma yake. "Uache!" Riziki akauacha, na kwa mara ya kwanza tangu wizi ule wakatazamana machoni.

Bamvua likafika. Maji yakapwa, kijiji kizima kikashuka, Sheha mbele. Wakauvuta ule mwani kutoka ubavuni mwa boti.

Ulikuwa mweupe pe! Umelainika, umekatika nusu.

Boti ilikuwa imepakwa rangi mpya, si niliwaambia inang'aa? Rangi gani? Rangi ile ile. Bwana Salmin hakutaka kukipa kijiji boti mbovu, akaipaka mapipa mawili ya rangi bora kuliko zote, ile inayoua zaidi. Zawadi ya kijiji kwa kufichua sumu ilikuwa sumu yenye injini.

"Haiwezi kukaa majini," Daktari Shadya akasema. "Kila saa inayokaa, inamwaga. Lazima ipandishwe, ikwanguliwe yote, makwangu yabebwe mpaka kwenye shimo la mbali, kisha ipakwe rangi isiyo na madhara. Ikishafanywa hivyo ni boti nzuri, itafanya kazi miaka. Isipofanywa, bora isingekuja."

"Na nani ataikwangua?" akauliza Sheha.

"Mwenye boti, bila shaka," akasema Bwana Salmin. "Mimi nimekwisha toa."

Oneni sasa ajabu ya binadamu. Sheha akasema tena yale yale ya mara ya kwanza, "Aliyefichua uchafu ajitokeze," na hapo ghuba haikuwa na mpelelezi hata mmoja.

Daktari Shadya akakohoa. "Kwa kweli, Sheha, mimi nilipima tu. Kupima ni kusoma. Anayesoma barua si aliyeiandika. Isitoshe ripoti yangu ya kwanza ndiyo iliyomlinda mchafuzi. Kwa dhamiri yangu siwezi kuchukua zawadi."

Bi Riziki akafungua kanga kiunoni akajifunika nayo kichwa. "Mie mwizi. Mmesema wenyewe, kwa vinywa vyenu. Tangu lini mwizi akapewa zawadi? Mtawafundisha nini watoto? Mwani ulikuwa wa Kazija, boti ya Kazija."

"Kweli," wakasema watu, wepesi sana. "Mwani ulikuwa wake. Boti ya Kazija!"

Bi Kazija akaingia majini mpaka kwenye boti. Akaupitisha mkono ubavuni mwake, akautoa, kiganja kimekuwa chekundu. Akawaonyesha.

"Rangi hii naijua," akasema. "Nimeifua miaka kwenye mashati ya Machano, haikutoka. Aliikohoa kitandani kwangu mpaka akafa. Wakati ule hakuna aliyeiita zawadi. Sasa nisikilizeni. Nikiikataa, sina mwani, sina mbegu ila vishada vya wizi, na wanangu watakula nini? Nikiikubali, nitajifunga kitambaa puani, nitashika mkwanguo wa marehemu, niikwangue mwenyewe. Niambieni nichague lipi. Na ninyi mlioipigia makofi siku ile, leo mikono yenu iko wapi?"

Daktari alitazama mabuti yake. Riziki alitazama vigingi vitupu. Sheha alitazama kama kuna andazi. Bwana Salmin alitazama saa. Na maji, ambayo hayangoji kamati, yakaanza kurudi. Yakaifikia boti, yakainyanyua kidogo, na chini yake yakatoka mekundu kuelekea kusini, kwenye vile vishada viwili vya Kazija vilivyobaki.

Haya. Nimesema sitajibu, na sijibu. Mmoja alipima, na kabla ya kupima sawa alipima makosa, kisha akakata bila kuuliza. Mmoja aliiba akadanganya, na bila wizi wake hakuna lililojulikana. Mmoja alikaa, na kukaa kwake kulikuwa ndio ushahidi, na yeye peke yake ndiye aliyelipia. Boti ile bado ina mwenyewe wa kutafutwa, na mkwanguo bado una mkono wa kutafutwa, na maji yanajaa huku mnakuna vichwa.

Je, nani alistahili boti? Na nani alistahili kuikwangua?